Staa Akija Msibani



Songea si Dar es Salaam. Huku hatupishani na watu maarufu kwenye foleni ya benki. Wanatufikia kwa msimu: tamasha Uwanja wa Majimaji, mechi, kampeni za uchaguzi, halafu usiku huohuo gari linaelekea Njombe na mji unatulia. Akija kwa namna hiyo amekuja kazini. Kama umelipa kiingilio, shangilia mpaka sauti ikauke, hakuna dhambi hapo. Ila kuna siku mtu huyohuyo anakuja bila jukwaa na bila maiki: harusi ya binamu yake, kipaimara cha mtoto wa dada yake, jubilei ya padre wa ukoo wao, msiba. Hapo ndipo tunapokosa adabu, na mara nyingi hata hatujui kama tumekosa.

Leo nitazungumzia zaidi msiba. Harusini mtu maarufu akisumbuliwa anaweza kucheka na kuhamia meza kuu. Msibani hana pa kuhamia. Anakaa kwenye jamvi lilelile ulilokalia wewe.

Mwezi wa saba mmoja, baridi ya Songea ikiwa imekaza kweli, tulifiwa hapa Mfaranyaki na mama wa jamuiya yetu. Alikuwa fundi cherehani. Sare za kwaya karibu zote alishona yeye, nyingine kwa mkopo ambao hakuwahi kuudai, na alikuwa mweka hazina wa jamuiya tangu sisi tukiwa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Vijana tulipangiwa kuni na maji. Siku ya pili asubuhi likaingia gari dogo, akashuka kijana amevaa kofia na sweta, macho mekundu. Msanii wa Bongo Fleva, tena si wa kubahatisha. Jina lake silitaji. Marehemu alikuwa dada mkubwa wa mama yake, na ndiye aliyemlea alipokuwa shule ya msingi, kwa hiyo pale nyumbani alikuwa mtoto wa marehemu, basi.

Haikupita nusu saa. Sijui nani alimpigia nani, lakini bodaboda zilianza kumiminika kutoka Lizaboni na Bombambili. Vijana ambao hawakumjua marehemu hata kwa sura wakajipanga kwenye uzio, simu juu. Mmoja alimkumbatia yule kaka kama mfiwa mwenzake, kumbe mkono wa pili unapiga selfi, na kaka wa watu machozi bado yako shavuni. Mwingine alikwenda laivu kabisa na akawa anasoma komenti kwa sauti. Hata baadhi ya wapishi wetu waliacha sufuria.

Kilichoniuma zaidi ni kingine. Mpita njia akiuliza pale barabarani, "Msiba wa nani huu?", jibu lilikuwa jina la msanii. Msiba wa fulani. Mama aliyetushonea sare alinyang'anywa msiba wake kabla hata hajazikwa. Na mgane, mzee wetu, alibaki kwenye benchi la mbao, watu wakimpita kwenda kumpa pole mtu aliyefika saa moja iliyopita. Jioni jamuiya ilipoanza Rozari tulikuwa wachache kuliko jana yake, ilhali nje ya uzio kumejaa.

Kuna binti mmoja mwenzetu aliyefanya vizuri siku ile, na sidhani kama anajua. Alikuwa na zamu ya kunawisha watu mikono kabla ya chakula. Alipomfikia msanii alimmiminia maji, akasema, "Pole sana kaka, Mungu akutie nguvu," akasubiri amalize, akasogea kwa mzee aliyefuata. Maji kiasi kilekile, sauti ileile. Baadaye nikaona yule kaka anamwita pembeni. Nikajua sasa na yeye kapata selfi yake. Kumbe alikuwa anaulizwa, "Mama mkubwa alikuwa anakaa upande gani kanisani?" Akamwambia: kushoto, benchi la tatu, karibu na kwaya, ili asikie kama sauti ya pili wanakosea. Yule kaka akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike. Nadhani hayo ndiyo mazungumzo pekee aliyoyapata siku nzima kuhusu mtu aliyesafiri usiku kucha kuja kumzika.

Sasa tufungue Injili ya Marko, sura ya 5, kuanzia aya ya 21. Tunaisikia Dominika ya 13 ya Mwaka B. Tumezoea kuihubiri kama Injili ya imani na uponyaji, na ndivyo ilivyo. Leo naomba uisome pia kama habari ya mtu maarufu anayekwenda msibani.

Maana Yesu wakati huo alikuwa maarufu, tusizunguke. Sura ya 3 inatuambia watu walijaa kiasi kwamba yeye na wanafunzi wake hawakupata hata nafasi ya kula. Sasa anashuka mashuani, umati unamngoja ufukweni. Anakuja Yairo, mkuu wa sinagogi, mheshimiwa wa mji. Mtoto wake yu mahututi. Yesu anaongozana naye huku watu wakimsonga. Njiani mama mmoja ambaye hata jina lake hatulijui, mgonjwa miaka 12, mali yake yote imeishia kwa waganga, anagusa vazi lake. Yesu anasimama. Hebu jiweke kwenye viatu vya Yairo hapo! Binti yako anakata roho, na Yesu amesimama barabarani anamtafuta mtu ambaye hata mitume hawaoni sababu ya kumtafuta. Anampata, anamsikiliza mpaka mwisho, anamwita binti. Ni wakati huohuo ndipo wanakuja watu kutoka kwa Yairo na habari kwamba mtoto ameshafariki.

Najua kuna atakayeniambia, mbona huyo mama naye aliparamia? Naye si alitaka kumgusa staa? Swali zuri. Lakini angalia tena. Waliomgusa ni wengi. Wanafunzi wanamshangaa anapouliza ni nani kamgusa katika msongamano wote ule. Waligusa wengi, tunasimuliwa kupona kwa mmoja. Mama huyu alikuwa na shida ya kweli na wala hakutaka kuonekana. Alitaka kupona aende zake. Wewe unayemvuta mtu bega msibani, shida yako ni ipi hasa? Mara nyingi shida yetu ni statasi ya WhatsApp.

Kisha wanafika kwa Yairo, na huo sasa ni msiba: vilio, kelele, watu wamejaa. Yesu anawatoa nje. Anabaki na baba, mama, na Petro, Yakobo na Yohane. Ukimhesabu yeye mwenyewe na mtoto, ni watu saba chumbani. Huyu ndiye ambaye mji mzima ulikuwa unamfuata kuona miujiza, na anamfufua mtoto mlango ukiwa umefungwa kwa umati. Halafu anawaagiza kwa ukali habari ile isitoke. Halafu anasema binti apewe chakula. Mimi aya hiyo ya mwisho huwa inanigusa kuliko zote. Mtoto katoka kufufuka, wazazi wamepigwa bumbuwazi, na aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa ni Yesu.

Hapo kuna kila kitu tunachohitaji msibani kwa yule mama wa cherehani. Kuwapunguzia wafiwa watu wa kutazama tu. Kuyaacha ya chumbani chumbani. Kuuliza kama wamekula.

Kanisa lenyewe limelisema hili waziwazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2492, inamtaka kila mtu awe na kiasi katika kushughulika na maisha binafsi ya wengine, na inagusa moja kwa moja watu wa siasa na watu wa hadharani: kuingilia maisha yao ya ndani, kiasi cha kuvunja faragha na uhuru wao, ni jambo la kulaumiwa. Namba hiyo imewekwa ndani ya maelezo ya Amri ya Nane. Wakati ule waliokuwa na kamera na gazeti walikuwa wachache. Leo kamera na gazeti ni wewe, umekaa nyuma ya bodaboda na bando la siku moja.

Tusijidanganye kwamba simu ndiyo imetuharibu. Tamaa hii ni ya zamani, simu imeiongezea kasi tu. Steven Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, tarehe 7 Aprili 2012, akaagwa Leaders Club, Dar es Salaam, na kuzikwa Kinondoni Jumanne ya Pasaka. Simu janja hazikuwa mikononi mwa kila mtu kama leo, na bado umati ulifurika kupita kiasi, watu wakazimia. Wengi walikwenda kwa mapenzi ya kweli, siwezi kuwahukumu. Nachokumbuka mimi ni kwamba mle ndani ya umati alikuwamo mama mmoja aliyekuwa anamzika mwanawe wa miaka 28.

Wala hatuhitaji kwenda kwa wasanii. Tarehe 16 Februari 2016 Papa Fransisko alikutana na vijana Wakatoliki uwanjani Morelia, Mexico. Vijana kama sisi, wenye skafu na rozari shingoni. Akawa anasalimia watu, mmoja akamng'ang'ania na kumvuta kwa nguvu, Papa akapoteza mwelekeo na kumwangukia mtu aliyekuwa mbele yake kwenye kiti cha magurudumu. Papa alikasirika, akamwambia yule aliyemvuta asiwe mbinafsi. Video ipo, wengi mmeiona. Watu walibishana sana kama Papa alipaswa kukasirika. Mimi macho yangu huenda kwa yule wa kwenye kiti cha magurudumu. Yeye hakumvuta mtu. Alikuwa ametulia mahali pake, na uzito wote ukamwangukia yeye.

Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Tukimkimbilia mkubwa, kuna mdogo katikati anakanyagwa. Pale kwetu alikuwa mgane kwenye benchi. Harusini ni bibi harusi, siku yake moja maishani, ukumbi mzima umempa mgongo kwa sababu mchezaji wa Simba au Yanga kaingia. Kwenye jubilei ni yule katekista mzee aliyemfundisha padre sala, amekosa kiti kwa sababu safu ya mbele imewekewa wageni waliokuja kupiga picha. Yakobo aliliona jambo hili mapema: soma waraka wake, sura ya 2, aya nne za kwanza, habari za mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri na maskini anayeambiwa asimame pale. Kamati za sherehe za Songea zingeusoma waraka huo kabla ya kupanga viti, tungesaidiana sana.

Mama yangu alimwona Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja hapa Songea Septemba 1990. Alimwona kwa mbali, anasema, nguo nyeupe na mkono unaobariki, basi. Hana picha hata moja. Hakumshika mkono. Lakini ukimuuliza habari za siku ile anakusimulia nyimbo, uji waliogawana na watu wasiowajua, na nia aliyokwenda nayo kwenye Misa, ambayo mpaka leo hajatuambia. Tarehe 27 Aprili 2014 Papa huyo alipotangazwa mtakatifu, mama alivaa kitenge chake kizuri akaenda zake kanisani kama Dominika nyingine yoyote.

Sasa tuje kwenye mambo ya vitendo, maana najua mtaniuliza.

Msalimie. Kumkwepa au kujifanya hujamwona nako ni kiburi, ile ya "kwani yeye nani?" Kama kakuzidi umri, shikamoo, hata kama nyimbo zake unaziimba bafuni. Kama mnalingana, "Pole na msiba, kaka" au "Karibu, dada" inatosha. Usimwite kwa jina la jukwaani mbele ya shangazi zake. Wao wanamwita kwa jina la ubatizo au jina la babu, nawe sikiliza wanavyomwita. Mpe mkono kama anautoa. Usimkumbatie mtu usiyemjua kwa sababu tu wewe unamjua.

Anza na mwenye shughuli. Ukifika msibani nenda kwanza kwa mjane au mgane, kwa wazazi, kwa watoto. Harusini wapongeze maharusi. Ukifuata utaratibu huo, mara nyingi ukimfikia staa utakuta presha yenyewe imeshashuka.

Picha msibani, hapana. Sherehe nyingine, omba, tena omba akiwa hana chakula mdomoni wala mtoto mikononi. Akisema baadaye, maana yake ni hapana kwa lugha ya adabu, usimvizie mlango wa choo. Akikubali, piga moja uondoke, usigeuke kuwa mpiga picha wa foleni nzima.

Msibani usimwombe hela. Najua ada ni tatizo la kweli, najua bibi anaumwa, lakini huyu naye amefiwa. Na wewe unayeimba, uliyerekodi wimbo wako kwa kuunga-unga hela za vibarua, nakuelewa zaidi kuliko unavyodhani. Unaona nafasi hii haitarudi. Lakini mfiwa hasikii vina wala mdundo. Ukimwekea simu sikioni atatikisa kichwa ili umwache, na wewe utarudi nyumbani na matumaini ya uongo. Mwache azike. Siku nyingine tafuta namba ya ofisi yake kwa ndugu zake, kwa heshima, ukijieleza kwamba ulikuwa miongoni mwa waliochota maji siku ile. Ndugu huwa wanakumbuka waliochota maji.

Lipo na kosa moja letu sisi wa kanisani, na hili nalisema kwa sauti. Ni kumwona msanii msibani na kuamua kwamba Roho Mtakatifu amekutuma ukamkemee kuhusu nyimbo zake na mavazi yake. Mbele za watu, na marehemu bado yuko ndani. Zakayo alikuwa na sifa mbaya kuliko msanii yeyote wa kwetu, na Yesu alianza kwa kumwita jina na kujikaribisha nyumbani kwake. Habari za kurudisha mara nne alizisema Zakayo mwenyewe, hakuna aliyemsomea orodha. Kama kweli unaitamani roho yake, msindikize kwenye Rozari, mpe kitabu cha nyimbo kilichofunguliwa ukurasa wenyewe, maana pengine miaka mingi hajakishika.

Na yeye mwenyewe staa, kama kwa bahati anasoma hapa: soma Matendo ya Mitume sura ya 14. Watu wa Listra waliwaita Paulo na Barnaba miungu, wakataka kuwachinjia ng'ombe. Mitume wakararua mavazi yao, wakapaza sauti kwamba wao ni binadamu tu. Hazipiti aya nyingi, palepale Listra, umati unachochewa, Paulo anapigwa mawe na kuburutwa nje ya mji wakidhani amekufa. Kwa hiyo ndugu yangu, ukija kwetu na walinzi wanaosukuma akina mama wenye masufuria, nawe unashiriki kosa. Njoo na kofia yako na sweta, inatosha.

Bado kuna Misa ya mazishi. Simu zizimwe, hilo paroko anatangaza kila Dominika. Ukimwona anakwenda kupokea Komunyo, usimrekodi. Ukimwona amebaki kwenye benchi, usianze kuhesabu dhambi zake na jirani yako. Yule anayebaki ameketi pengine anamheshimu Bwana kuliko wewe unayemchungulia. Ikifika kutakiana amani na mmekaa benchi moja, mpe mkono, mwambie amani ya Kristo, halafu geukia na yule wa upande wako wa pili.